Maji Hupita, Mchanga Hubaki: Kazi Yangu Kwenye Mifereji ya Mbeya

Jiji la Mbeya limelala kwenye mteremko. Kaskazini yake umesimama Loleza, mlima wenye zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na katikati ya jiji ni kama mita 1,700. Tofauti hiyo ya mita 900 inaisha ndani ya kilomita chache tu. Mvua ikipiga mgongoni mwa mlima saa tisa alasiri, kabla jua halijazama maji yake yameshavuka barabara kuu iendayo Zambia, yanatafuta njia ya kwenda mto Songwe na mwisho wake Ziwa Rukwa. Katikati ya njia hiyo ndipo tulipoweka nyumba, masoko, shule, barabara na reli ya TAZARA.

Mimi ni mhandisi wa mazingira na kazi yangu ni maji ya mvua ya mjini. Nimezaliwa huku Nyanda za Juu Kusini, nikaenda kusoma Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, nikarudi. Vibarua wa kwanza niliofanya nao kazi waliniita dada injinia. Siku hizi naitwa mama injinia, na baadhi ya wanaoniita hivyo ni watoto wa wale wa kwanza. Kwa muda wote huo kuna jambo moja ambalo limezidi kunikaa moyoni, nami nataka kulieleza kwa kirefu kwa sababu naona bado hatulipi uzito wake: mifereji yetu tunaipanga kwa ajili ya maji, wakati kinachoishinda ni udongo.

Tulipomaliza chuo, wengi wa darasa letu walielekea kwenye maji safi, migodini, au kwenye tathmini za athari kwa mazingira. Sababu inaeleweka. Maji safi yana mamlaka, yana mita, yana bili kila mwezi. Majitaka nayo yana mlipaji. Maji ya mvua hayana mteja. Hakuna anayeyanunua na hakuna anayelipia kuondolewa kwake, na kila anayeyapokea anataka tu yapite kwenda kwa jirani. Hata umiliki wake umegawanyika. Mfereji wa barabara kuu ni wa TANROADS, wakala wa barabara kuu wa serikali. Wa barabara za mitaa, tangu 2017, uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Taka zilizo ndani yake ni za halmashauri ya jiji. Mto unaopokea yote ni wa bodi ya maji ya bonde. Mtu aliyeingiliwa na maji chumbani usiku anamwendea mwenyekiti wa mtaa, ambaye hana hata beleshi la ofisi.

Nilivutiwa na kazi hii kwa sababu hiyo hiyo. Niliona kitu kikubwa ambacho hakina mwenyewe.

Hesabu za mwanzo ni rahisi, na ni za zamani kuliko jiji letu. Unazidisha vitu vitatu: ukubwa wa eneo linalodaka mvua, ukali wa mvua, na kiasi cha mvua hiyo kinachotiririka badala ya kuzama ardhini. Emil Kuichling aliitumia njia hiyo kwa mifereji ya Rochester, Marekani, mwaka 1889, na sisi bado tunaitumia kwa maeneo madogo ya mijini. Chukua hekta moja yenye nyasi nzuri. Mvua ya milimita 60 kwa saa ikiishukia, na ikiwa moja ya tano tu ndiyo inayotiririka, mfereji wa chini utapokea kama lita 33 kila sekunde. Sasa funika hekta hiyo hiyo kwa mabati, zege na lami, ili tisa ya kumi ya mvua itiririke. Mfereji ule ule utapokea lita 150 kila sekunde. Mvua haijabadilika hata tone.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema mvua za siku hizi zimekuwa mbaya, ninakubali kwamba hali ya hewa inabadilika, lakini huwaomba wageuke watazame juu yao. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 ndani ya jiji. Ya 2022 ikapita laki tano. Watu hao wote wana paa. Wengi wao paa hilo wamelijenga upande wa mlimani, maana viwanja vya tambarare vilishaisha au vimepanda bei kuliko mshahara wa mwalimu.

Mpaka hapo ni hesabu ya maji, na mhandisi yeyote mwenye kikokotoo ataimaliza asubuhi moja. Shida inaanzia mteremko unapolegea.

Mwaka ule ule wa 1889, Robert Manning wa Ayalandi alitoa fomula ambayo tunaitumia hadi leo kujua maji yatakwenda kwa kasi gani mferejini. Ndani yake kuna kipeuo cha pili: kasi hufuata kipeuo cha pili cha mteremko. Huko juu, mfereji unaweza kushuka mita 8 kwa kila mita 100. Ukifika kwenye tambarare karibu na barabara kuu, unashuka mita moja kwa kila mita 100, wakati mwingine chini ya hapo. Ukiwa na umbo lile lile na kina kile kile, kasi inapungua karibu mara tatu. Na uwezo wa maji kubeba mchanga unaanguka kwa haraka kuliko kasi yenyewe. Kwa hiyo huko juu maji yanakula sakafu ya mfereji mpaka mawe yaliyojengewa yanang'oka, na hapo chini yanatua mzigo wote. Mfereji huo huo una ugonjwa wa kuchimbika upande mmoja na ugonjwa wa kujaa upande mwingine. Ukiujenga kwa mchoro mmoja kutoka juu mpaka chini, kama ilivyozoeleka, umekosea pande zote mbili.

Nataka niwaonyeshe jambo hili kwa karibu. Kuna mfereji mmoja wa mawe ninaoufahamu vizuri, upande wa chini wa jiji, wenye kina cha mita moja. Mwishoni mwa msimu mmoja ulikuwa umebakiza kina cha kiganja cha mkono. Niliwaomba vijana waukate kwa beleshi wima, kama mtu anayekata mkate wa kumimina, ili nione ubavu wa ule mjazo. Chini kabisa kulikuwa na kokoto nyeusi zilizolaliana vizuri. Juu yake mchanga mzito, halafu tabaka jembamba la tope laini la kijivu, laini kama unga. Halafu mstari wa plastiki: chupa zilizobanwa, vifungashio, kandambili moja ya mtoto. Juu ya plastiki, kokoto tena, halafu mchanga, halafu tope. Kila mzunguko wa kokoto, mchanga na tope ni mvua moja kubwa: kokoto zilitua maji yalipoanza kulegea, mchanga ukafuata, na tope likashuka maji yaliposimama. Nilihesabu matabaka nikaona kwamba mvua chache sana, labda zile kali za Januari na Februari, ndizo zilizofanya kazi yote. Manyunyu mengine ya msimu mzima hayakuacha alama yoyote.

Nikapima uzito wa kila kitu kwenye kipande hicho, plastiki mbali na udongo. Udongo ulikuwa mwingi kupita kiasi. Nasema hivi kwa sababu kila kikao cha mifereji ninachohudhuria kinaanza na kumalizikia kwenye takataka. Wananchi wanatupa taka, wananchi wabadilike. Taka ni tatizo la kweli, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 naona tofauti kubwa kwenye wavu wa makalavati. Lakini taka mara nyingi ni kizibo tu. Kinachojaza ni udongo, na udongo hautupwi na mtu yeyote. Unatoka kwenye barabara za mitaa zisizo na lami, ambazo kila mvua inazikwangua. Unatoka kwenye mashamba ya mahindi na viazi yaliyolimwa kufuata mteremko badala ya kuukata. Unatoka kwenye viwanja vinavyosawazishwa kwa greda mwezi wa kumi, mwezi mmoja kabla ya mvua, na udongo wake ukaachwa umerundikwa pembeni. Na udongo wenyewe sehemu nyingi umetokana na majivu ya volkano za upande wa Rungwe na Ngozi: mwepesi, wenye rutuba, unaootesha kila kitu, na ukishaondolewa majani hausubiri kuambiwa mara mbili.

Nilipokuwa nafanya ule upimaji, mama mmoja mwenye kibanda cha parachichi na ndizi karibu na mfereji alikuja kusimama nasi.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mmeagizwa mzibue?"

"Hapana mama, tunapima tu."

Akautazama ule mkato kwa muda, akasema, "Wakizibua huwa wanauweka hapo hapo ukingoni. Mvua ya kwanza unarudi wote ndani. Wale vijana wa mchanga ndio wanaouondoa kweli, lakini wanafukuzwa."

Vijana wa mchanga nilikuwa nawaona kila siku. Wanaingia mferejini mvua ikikatika, wanachota mchanga safi, wanaurundika, na mwenye kujenga anakuja na toroli au guta kununua. Wanaonekana wasumbufu, na ni kweli baadhi yao huchimba mpaka kwenye msingi wa kuta za mto au kalavati, jambo la hatari sana. Ila yule mama alikuwa ameona kitu ambacho sisi wa michoro tulikuwa tumekiacha nje ya mchoro. Kuzibua kwa bajeti ya serikali kunalipia kutoa mchanga ndani ya mfereji. Mara chache sana kunalipia kuupeleka mahali pengine. Wale vijana hawalipwi na mtu yeyote na mchanga wao haurudi, kwa sababu umeshaingia kwenye ukuta wa nyumba ya mtu.

Tangu hapo, kila mfereji ninaousanifu ninauwekea chemba ya mchanga pale mteremko unapovunjika, kabla maji hayajaingia tambarare. Ni shimo pana lililojengewa, lenye kina kikubwa kuliko mfereji wenyewe, ambalo linayalazimisha maji yapunguze mwendo mahali nilipochagua mimi badala ya mahali yanapochagua yenyewe. Ninaweka njia ya kushukia upande mmoja, yenye upana wa toroli. Ninaweka sehemu ya kurundikia iliyo mbali na ukingo na yenye ukuta mdogo ili mchanga usirudi. Sakafu ya chemba inakuwa ya zege, ili beleshi likigonga zege mchotaji ajue amefika mwisho na asichimbe msingi. Halafu tunakaa na serikali ya mtaa na wale vijana, tunakubaliana nani anachota na lini. Wahandisi wenzangu wengine wanasema huko ni kuhalalisha uchimbaji holela. Mimi naona ni kinyume chake: mchanga utachotwa kwa vyovyote, na mimi napendelea uchotwe hapa, kwenye zege, kuliko chini ya daraja.

Huko juu kwenye mteremko mkali dawa ni nyingine. Mfereji wa kule naujenga kwa ngazi, maji yashuke kidato kwa kidato yakipoteza nguvu zake kwenye kila kidato, badala ya kuteleza kwenye sakafu nyororo hadi yafike chini yakiwa na hasira yote. Kwenye makorongo tunapanga vikinga vya mawe, vifupi vifupi, mita chache kwa mita chache, na nyuma ya kila kimoja udongo unanasa na mabingobingo yanaota. Wakulima hawahitaji kufundishwa na mimi kuhusu makingamaji, wengi wanayajua. Wanachohitaji ni uhakika kwamba shamba litakuwa lao mwaka ujao, maana nani atachimba tuta la kontua, lile linalokata mteremko, kwenye shamba la kukodi msimu mmoja?

Kuna jambo ambalo bado linaniumiza nikilikumbuka. Mtaa mmoja ulijengewa mfereji mzuri sana, wa zege, na kazi yake ilikuwa safi kwa macho yoyote. Ulianzia juu ukashuka mpaka mpaka wa mradi, na hapo fedha ikaishia, na mfereji nao ukaishia. Maji yaliyokuwa yakisambaa kwenye vichochoro vingi sasa yalikusanywa yote yakatolewa mahali pamoja, juu ya ukuta wa nyuma wa nyumba za mtaa wa chini. Msimu wa kwanza ukuta ulianguka, na wa pili likachimbika korongo ambalo ng'ombe angeweza kupotelea humo. Familia zilizokuwa hapo zilihama bila fidia, kwa sababu kwenye karatasi mtaa wao haukuwa ndani ya mradi. Niliandika barua na wengine wakaandika pia, lakini majibu yalikuwa ni kwamba awamu inayofuata italiangalia. Ninachokiamini kwa dhati ni kwamba mfereji usio na mahali salama pa kumwaga haupaswi kujengwa kabisa, hata kama fedha ipo na mwaka wa fedha unakaribia kufungwa. Anzeni chini, mpande juu. Ukijenga kuanzia chini na fedha ikakatika njiani, kila kipande ulichokwisha kujenga kinafanya kazi. Ukianzia juu na fedha ikakatika, umemwelekezea mtu bomba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe kutoka ukingo wa mto. Kwenye mitaa ya zamani ya Mbeya, yenye vijito kila baada ya nyumba kadhaa, ukiitekeleza kwa herufi zake utafuta mitaa mizima yenye shule, makanisa na makaburi ya wazee. Sioni hilo likifanyika, na sitaki lifanyike kwa tingatinga. Lakini huku juu, kwenye vyanzo ambako bado hakujajengwa, mita hizo 60 bado zipo. Zinaweza kuwekewa mawe ya mipaka wiki ijayo. Nguvu zetu zote za sheria zingeanzia huko, kabla ya kiwanja kinachofuata kuuzwa.

Halafu ikaja Aprili 2024. Miezi michache kabla yake, tarehe 3 Desemba 2023, tope la mlima Hanang lilikuwa limeshukia Katesh na kuua watu wengi, na sote tulikuwa tumeziona zile picha. Baada ya mvua za muda mrefu, mlima Kawetere nao ukaachia hapa kwetu, Itezi, ukafunika nyumba na shule. Nimekwenda pale mara nyingi tangu siku hiyo. Ukisimama chini unaona kovu mlimani na unaona jinsi tope lilivyofuata bonde, na unaelewa kwamba hakuna mfereji wa mtaa ambao ungelihimili. Kuna vitu mhandisi wa mifereji hawezi kuvijengea. Anachoweza ni kusema mapema mahali pa kutojenga, na kuhakikisha kwamba kazi yake mwenyewe haiongezi hatari.

Hili la mwisho nalisisitiza kwa wahandisi vijana, kwa sababu siku hizi kila semina inasifia mashimo ya kufyonza maji ardhini, na mimi pia nayapenda. Kwenye tambarare na kwenye udongo wetu unaopitisha maji, shimo lililojazwa mawe linapokea maji ya paa vizuri. Lakini juu ya mteremko mkali, maji unayoyazamisha yanakwenda kuulowesha udongo ule ule unaoshikilia nyumba. Huko nataka maji ya paa yashuke kwa bomba mpaka kwenye mfereji wa ngazi, bila kugusa udongo. Simtanki nalo lina ukomo wake. Paa la mita za mraba 80 kwenye mvua ya milimita 30 linatoa lita 2,400, na simtanki la lita 2,000 lililo tupu litazipokea karibu zote. Ila Januari haliwi tupu. Kwa hiyo nawashauri watu wanunue matanki kwa ajili ya maji ya kufulia na bustani, lakini kwenye hesabu za mfereji siyahesabu kabisa.

Kitu kinachotukwamisha zaidi sasa hivi ni vipimo vya mvua. Mvua zetu ni za vipande. Uyole watu wanaanika mahindi huku Loleza kumefunga. Kituo kimoja cha Mamlaka ya Hali ya Hewa hakiwezi kuuona mlima wote. Na kipimo cha siku hakitoshi. Kipima mvua cha kawaida kinasomwa saa tatu asubuhi, kinakuambia zimeshuka milimita 40 tangu jana, lakini hakikuambii kama zilishuka taratibu usiku kucha au zote ndani ya nusu saa. Kwa mkulima hizo milimita 40 ni zile zile. Kwa mfereji, ya kwanza haina habari na ya pili inaweza kuung'oa.

Kwa sababu hiyo tumeanza na shule. Walimu wa jiografia wa shule chache za upande wa juu wamekubali kusimamia vipima mvua, na wanafunzi wanaandika mvua ilipoanza na ilipokatika, kwa saa ya ukutani, si kwa kukadiria. Daftari zao ni nadhifu kuliko nilivyotarajia. Ninalinganisha saa walizoandika na mjazo wa chemba za mchanga zilizo chini ya shule hizo, ambao vijana wananihesabia kwa toroli. Chemba mbili zinajaa kwa mvua moja tu kali, nyingine haijawahi kufika nusu. Oktoba hii, kabla ya mvua za Novemba, tunaipanua ile ya juu zaidi kwa mita moja na nusu, na ukuta wa sehemu ya kurundikia tunausogeza uende upande wa barabara, kwa sababu guta likigeuka pale linakwama.